Bodi ya Shirika la Serikali: Kiti cha Kazi au Kiti cha Shukrani?

Somo letu la leo lilitoka buchani.

Mama mmoja wa darasa letu la ngumbaru, mkulima wa miwa, alinunua nusu kilo ya nyama sokoni. Mwenye bucha akamfungia kwa karatasi ya gazeti la zamani. Mama alipofika nyumbani aliitia nyama sufuriani, kisha akafanya kama anavyofanya siku hizi kwa kila karatasi inayoingia nyumbani mwake. Akaisoma. Ilikuwa na damu na mafuta, lakini maandishi yalionekana. Ilikuwa orodha ndefu ya watu walioteuliwa kuwa wenyeviti wa bodi za mashirika ya serikali. Jina moja alilijua. Lilikuwa la mwanasiasa wa upande wetu, aliyeshindwa katika uchaguzi wa Agosti 2022.

Jioni ya pili alikuja na ile karatasi darasani, imekunjwa vizuri ndani ya daftari. Akauliza, "Mwalimu, huyu si yule tuliyemkataa kwa kura? Mbona amerudi kwa mlango mwingine?"

Darasa likacheka sana. Halafu likanyamaza. Jioni hiyo tulikuwa tusome habari za mbolea. Mbolea ikangoja.

SHIRIKA LA SERIKALI, MWENYEWE NI NANI?

Tuanze na neno lenyewe. Shirika la serikali ni kampuni au taasisi iliyoanzishwa kwa mali ya umma, na serikali inaishika kwa niaba yetu. Halmashauri ya Nafaka na Mazao inayonunua mahindi ni shirika la serikali. Halmashauri ya Bandari kule Mombasa, Shirika la Reli, mfuko wa NSSF unaoweka akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, kampuni ya maziwa ya New KCC iliyochukuliwa na serikali mwaka 2003, yote ni ya namna hiyo. Mwaka 2013 jopo lililoundwa na Rais liliyahesabu mashirika ya serikali likapata 262. Likapendekeza yapunguzwe yawe 187.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 47 katika Kenya. Sisi sote ndio wenye mali hiyo. Lakini watu milioni 47 hawawezi kuketi chumba kimoja wakamwuliza meneja habari za fedha. Ndiyo sababu kuna bodi. Bodi ni watu wachache wanaoketi badala yetu. Meneja mkuu anaendesha kazi ya kila siku, na bodi inamwuliza: Umenunua nini? Kwa bei gani? Mbona deni limepanda? Mbona wakulima hawajalipwa? Bodi hupitisha makadirio ya fedha za mwaka, hutazama hesabu, na katika mashirika mengi ndiyo inayomwajiri meneja na ndiyo inayoweza kumwondoa.

Mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Kumbe ni kama mbwa wa boma. Kazi yake si kukama ng'ombe. Kazi yake ni kubweka." Akaomba radhi, ati hakutaka kumtukana mtu. Nikamwambia mfano ni mzuri na tutautumia.

Sasa, nani anamleta mbwa bomani? Sheria ya Mashirika ya Serikali ilipitishwa mwaka 1986. Ilipanga bodi hivi. Rais anateua mwenyekiti, mtu 1. Meneja mkuu yumo, mtu 1. Katibu wa wizara inayohusika yumo, mtu 1. Katibu wa Hazina yumo, mtu 1. Halafu waziri anateua wengine wasiozidi 7, ambao si wafanyakazi wa shirika lile. Hebu jumlisha. Ni watu 11. Kati yao, 8 wanateuliwa na Rais na waziri wake. Sheria hiyo ilimpa Rais pia uwezo wa kumwondoa mjumbe yeyote wa bodi, akiona bodi imeshindwa kufanya kazi yake kwa faida ya taifa.

Nilipomaliza kuandika ubaoni, wanafunzi walitafuta ni wapi mkulima anapiga kura. Hawakupapata. Katika Sheria ya Sukari ya 2001 wakulima wa miwa walipewa nafasi ya kuchagua wawakilishi wao katika Bodi ya Sukari, na wazee wengi hapa wanakumbuka kampeni zake. Lakini sheria ile kubwa ya 1986, inayogusa mashirika mengi, haikuweka kura ya mkulima wala ya mfanyakazi.

KITI KINAVYOGEUKA SHUKRANI

Baada ya uchaguzi, aliyeshinda ana deni. Sisemi deni la benki. Kuna aliyemletea kura za eneo zima. Kuna aliyetoa magari na mafuta. Kuna aliyetaka ugavana au ubunge, akaambiwa, "Ndugu, mwachie mwenzako safari hii, tutakukumbuka." Kuna aliyesimama akaanguka. Wote hao wanangoja mlangoni, na kila mmoja amebeba jina la watu wa kwao.

Zamani wengi wao walipewa uwaziri. Serikali ya muungano ya mwaka 2008 ilikuwa na mawaziri 40. Katiba ya 2010 ikaufunga mlango huo. Inasema mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22, tena waziri asiwe mbunge. Ni jambo zuri kabisa. Lakini watu wanaongoja mlangoni hawakupungua hata mmoja. Hapo macho yakazidi kugeukia bodi, maana viti vya bodi ni vingi. Tufanye hesabu ya kukisia tu, kwa sababu mashirika mengine yana sheria zake yenyewe. Tukitwaa mashirika 262, kila moja viti 8 vya kuteuliwa, tunapata 262 mara 8. Ni 2,096. Viti zaidi ya elfu mbili! Hakuna ghala jingine la vyeo lenye ukubwa huo.

Baada ya uchaguzi wa 2017, na tena baada ya ule wa 2022, magazeti yalichapa majina ya wanasiasa walioshindwa kwenye kura wakapewa viti vya bodi. Basi msomaji asidhani hili ni jambo la chama kimoja au la Rais mmoja. Wamebadilishana usukani, na barabara ni ile ile.

Kiti chenyewe kina nini? Kina posho ya kikao, kina safari na malazi. Hayo ndiyo madogo. Kubwa ni kwamba mwenye kiti anajua mapema kazi zipi zitatangazwa na tenda zipi zinakuja. Anaweza kumpigia meneja simu na meneja akasimama wima akiipokea.

MABATI 80

Hapa niwaambie habari yangu mwenyewe, maana sipendi kuzungumza juu ya wakubwa kana kwamba sisi wadogo ni malaika.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa sijatoka zamani chuo cha ualimu, niliwekwa katika kamati ya ujenzi wa shule moja. Wazazi hawakunichagua. Kiongozi mmoja wa mahali pale alinipenda kwa sababu nilikuwa namwandikia hotuba zake. Akaniambia, "Kijana wangu, nimekuweka pale." Nilifurahi. Siku ile ile nilimpigia mama yangu simu nikamwambia mwanao sasa ni mtu wa kamati.

Siku ya kununua mabati ikafika. Tulihitaji mabati 80. Katika duka la sokoni bati moja liliuzwa shilingi 750. Kiongozi akasema tununue katika duka jingine, ambako bati lile lile liliuzwa shilingi 1,000. Lile duka jingine lilikuwa la shemeji yake. Sote mezani tulijua. Karatasi ya kuidhinisha ikazunguka, mkono kwa mkono, mpaka ikanifikia. Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa hata senti moja. Nilikumbuka tu maneno yale, "Nimekuweka pale." Nikatia sahihi.

Fanyeni hesabu. 1,000 toa 750 ni 250. 250 mara 80 ni 20,000. Fedha hizo zilichangwa na wazazi, na wengine walikuwa wameuza kuku. Chumba cha mwisho cha jengo lile kilikaa bila sakafu mwaka mzima, na watoto wa darasa la pili walisomea mavumbini. Wazazi wao walikuwa wakinikuta njiani wakinisalimia kwa heshima, "Mwalimu, ahsante kwa kazi."

Watu wengi hudhani ufisadi ni lazima uwe na bahasha ya fedha chini ya meza. Siku ile hapakuwa na bahasha. Palikuwa na shukrani tu. Aliyenipa kiti ndiye aliyeleta karatasi, na mimi sikuwa na mahali pa kusimama. Wazazi hawakunipa kiti kile, basi hawangeweza kuninyang'anya. Yeye angeweza. Tena kama ningekataa, kijiji kizima kingesikia kwamba fadhila ya punda ni mateke.

Nilipomaliza kusimulia, yule mzee wa mbwa akasema polepole, "Mbwa hambwekei anayemlisha." Sikuwa na la kumjibu.

KUTOKA ELFU 20 HADI BILIONI 30

Haya, tuondoke kwenye mabati twende kwenye jambo kubwa la aina hiyo hiyo.

Mfanyakazi anayeandikwa kazi hukatwa fedha kila mwezi zikawekwa NSSF, apate kitu akizeeka. Katika miaka ya 1990 viwanja vingi vya umma viligawiwa watu wenye jina na uhusiano. Aliyepewa kiwanja cha bure mara nyingi hakutaka kulima wala kujenga. Alitaka fedha. Basi akatafuta mnunuzi mwenye fedha nyingi na asiyebishana juu ya bei. Mnunuzi wa namna hiyo ni nani? Ni shirika la serikali.

Mwaka 2003 iliundwa tume ya kuchunguza ugawaji wa ardhi ya umma, mwenyekiti wake akiwa wakili Paul Ndung'u. Ripoti yake ilitoka 2004. Ilieleza kwamba mashirika ya serikali yalisukumwa kununua ardhi ya namna hiyo, na kwamba NSSF peke yake ilitumia kama shilingi bilioni 30 kati ya 1990 na 1995 kununua mali iliyopatikana kwa njia isiyo halali.

Niliandika bilioni 30 ubaoni: 30,000,000,000. Tulihesabu sifuri pamoja, zilikuwa 10. Kijana mmoja anayefanya kibarua mjini akasema hajawahi kuona namba inayojaza ubao.

Tazameni vizuri jambo hili. Ardhi ilikuwa ya umma. Ikatolewa bure kwa mtu. Mtu akaiuzia shirika la umma. Fedha za kununulia zilikuwa akiba ya wafanyakazi, nao ni umma. Yaani watu walinunua ardhi yao wenyewe kwa jasho lao wenyewe, na katikati akapita mtu mmoja mwenye mfuko.

Kazi ya bodi mbele ya biashara ya namna hiyo ni neno moja, "Hapana." Lakini aliyeleta kiwanja mara nyingi alikuwa mkubwa, rafiki wa waliotoa viti. Tumerudi pale pale kwenye karatasi ya mabati inayozunguka meza.

"AFADHALI MTU WETU"

Msidhani darasa zima lilikubaliana nami. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, nami nitaueleza kwa kirefu kwa sababu naona ndio moyo wa somo.

Mzee mwingine, mtu anayeheshimiwa sana hapa, alisimama akasema: "Mwalimu, unasema vizuri. Lakini sisi huku hatuna mtu. Wenzetu wana mtu wao bandarini, wana mtu wao kwa reli, wana mtu wao kwa mahindi. Vijana wao wanaandikwa kazi. Leo na sisi tumepata mtu kwenye bodi, wewe unatuambia tulalamike? Kweli tulimnyima kura. Lakini akiketi pale, ni wetu. Afadhali mbwa wetu asiyebweka kuliko mbwa wa jirani."

Watu wakampigia makofi. Nami nilielewa kwa nini. Mtu ambaye barabara yake haijawahi kutiwa lami hawezi kuambiwa tu asahau mambo ya kwao.

Yule mama wa karatasi ya nyama akaomba nafasi. Akasema, "Baba, kwa heshima yako nikuulize. Siku zile mtu wetu alipokuwa kwenye bodi ya kiwanda, wewe ulipata nini?"

Mzee akafikiri. "Kijana wangu alipata kibarua."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Na miwa yako uliyopeleka wakati ule?"

Mzee akaketi kwanza, kisha akajibu. "Ile sijalipwa mpaka leo."

Hakuna aliyecheka. Miwa ya kupanda hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine zaidi, kabla ya kukatwa. Mle darasani kila mtu alijua kupalilia kwa muda huo ni nini, na kungoja malipo baada yake ni nini.

Mimi nasema hivi. Mtu wetu akiwekwa na mkubwa, anakuwa wa mkubwa. Jina tu ndilo letu. Kijana wetu mmoja akipata kibarua tunaona, kwa sababu ana sura na tunamjua mama yake. Fedha zinazopotea kwa bei mbaya, kwa mashine iliyonunuliwa mara mbili, kwa madeni, hazina sura. Zinaonekana tu siku kiwanda kinaposimama.

Na viwanda vimesimama. Muhoroni iliingia mikononi mwa wafilisi mwaka 2001. Mwaka 2025 serikali ilivikodisha kwa kampuni za watu binafsi viwanda vyake vinne vya sukari, Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, baada ya miaka mingi ya madeni. Lazima niwe mkweli hapa. Bodi peke yake haikuleta hasara yote. Palikuwa na sukari ya bei rahisi kutoka nje, palikuwa na mitambo mikuukuu, palikuwa na uhaba wa miwa. Lakini yote hayo ni mambo ambayo bodi huwekwa iyaone mapema na kuyasema kwa sauti.

SHERIA INASEMAJE?

Kushindwa uchaguzi si kosa la jinai, na mwanasiasa anaweza kuwa mjumbe mzuri wa bodi. Yule bwana wa kwetu ana digrii, tena si mjinga. Ninachouliza mimi ni alivyofika pale.

Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inasema watu waandikwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Kifungu hicho hicho kinataka pia jamii zote za Kenya ziwakilishwe, na wanawake, wanaume na watu wenye ulemavu wapate nafasi sawa. Kwa hiyo mzee wetu hakukosea alipodai watu wa huku nao wawemo. Ila Katiba inataka yote mawili kwa pamoja, awe anastahili na jamii zote ziwemo. Kifungu cha 73 kinasema viongozi wa umma wachaguliwe kwa uadilifu, uwezo na kufaa kwao.

Je, maneno hayo yana meno? Mwaka 2021 yaling'ata. Shirika la kiraia la Katiba Institute lilipeleka kesi, na Mahakama Kuu ikaamua kwamba uteuzi wa watu 128, wenyeviti na wajumbe wa bodi mbalimbali, ulikwenda kinyume cha Katiba. Nafasi zile hazikuwa zimetolewa kwa njia ya wazi, watu wakashindana. Watu 128 kwa uamuzi mmoja! Lakini uchaguzi wa 2022 ukaja, na wanaongoja mlangoni wakaja tena. Ile karatasi ya nyama ni ya baada ya hapo.

KUSOMA TANGAZO LA UTEUZI

Uteuzi wa namna hii hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa. Limeandikwa kwa Kiingereza, basi mtafute kijana wa sekondari awasomee. Tangazo ni fupi, lakini kuna mambo ya kutazama. Tazama nani ametia sahihi, Rais au waziri. Tazama muda, mara nyingi ni miaka 3, na tarehe ya kuanza. Kisha tazama mwisho wa tangazo, maana mara kwa mara kuna mstari mdogo unaosema uteuzi wa mtu fulani umefutwa. Mstari huo ndio wenye habari. Kama muda wa yule wa kwanza haukuwa umekwisha, uliza aliondolewa kwa nini. Pengine aliiba. Pengine alibweka.

BARUA YETU

Mama aliuliza, "Sasa sisi tufanye nini na karatasi hii? Niifungie nyama tena?"

Kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mkenya yeyote anaweza kuomba habari kutoka kwa shirika la umma. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika akienda mwenyewe, afisa anatakiwa ayaandike maneno yake. Kuomba hakulipiwi, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Si lazima useme unaitakia nini habari hiyo. Shirika linatakiwa lijibu kabla ya siku 21 kwisha. Likinyamaza, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Tulikaa jioni mbili kuandika. Jioni ya kwanza barua ilijaa matusi, tukaichana. Ya pili ilikuwa hivi. Unaweza kuinakili na kuweka jina la shirika unalolitaka:

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

Sisi ni wakulima na wanafunzi wa darasa la elimu ya watu wazima. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, tunaomba kujua mambo haya. Majina ya wajumbe wote wa bodi, tarehe walipoteuliwa, na tarehe ambayo muda wao utakwisha. Kama nafasi hizo zilitangazwa, zilitangazwa wapi na lini. Bodi ilikutana mara ngapi mwaka uliopita, na kila mjumbe alihudhuria mara ngapi. Nakala ya ripoti ya karibuni ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu juu ya shirika hili.

Tunangoja jibu lako.

Chini yake wakatia majina yao. Yule mzee wa "mtu wetu" aliichukua barua, akaisoma yote kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, kidole juu ya maneno. Tulidhani atakataa. Akauliza kama anaweza kuongeza sentensi moja. Akaandika kwa mkono wake: "Tunaomba pia orodha ya wakulima wanaodai, na kila mmoja anadai kiasi gani." Kisha akatia jina lake.

Barua ilipelekwa posta siku ya Jumatatu, kwa rejista, na risiti imebandikwa ukutani darasani. Karibu yake tumechora miraba 21. Kila jioni mwanafunzi mmoja anapiga mstari katika mraba mmoja.

MASWALI YA KUNDI

1. Katika kijiji chenu kuna kamati ya maji, ya josho, ya shule au ya soko. Wanakamati walichaguliwa na nani? Nani anaweza kuwaondoa?

2. Bei ya bomba moja la maji dukani ni shilingi 1,200. Kamati imenunua mabomba 45 kwa shilingi 1,550 kila moja. Fedha zilizozidi ni ngapi? Kabla ya kumlaumu mtu, ni maswali gani mtakayouliza kwanza?

3. Mtu wa ukoo wako ameteuliwa leo katika bodi ya shirika kubwa. Kesho anakuja nyumbani kuwasalimu. Utamwomba nini kwanza?